Muulize Shangazi Posta: Nani Kanishtaki kwa Yahoo?

Kwa mgeni wa ukurasa huu: jina la Shangazi Posta nililipata Kisumu, miaka niliyokuwa nachambua barua za karatasi, kabla sijahamia Nakuru kuchunga barua pepe za kampuni moja ya mbegu. Watu hudhani nilibadilisha kazi. Sikubadilisha. Kule Kisumu kuna watu walikuwa wakija kaunta na barua ambayo hata hawajaifungua, wanaisukuma upande wangu: "Hii irudi ilikotoka." Nagonga muhuri, inarudi. Mwezi huu karibu kila aliyeniandikia anauliza habari za muhuri huo, ila sasa uko kwenye simu na anayeugonga haonekani.

*

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni katibu wa chama cha akiba na mikopo hapa Kisumu, upande wa Kibuye. Wanachama wetu ni mia nne na kitu. Kila mwezi tunawatumia taarifa kwa barua pepe: riba, mikopo mipya, mafunzo, mikutano. Jumatatu nimefungua kompyuta nikakuta barua kutoka Yahoo, imejaa Kiingereza cha mitambo, na ndani yake wamefungia taarifa yetu wenyewe ya mwezi uliopita. Kijana wa saiba amenisomea, akasema kuna mwanachama ametushtaki kuwa ni matapeli. Mwenyekiti amewaka. Anataka huyo mtu aitwe ofisini ajieleze. Nitampataje?*
*Katibu mwenye wasiwasi, Kisumu*

Marahaba, Katibu. Kwanza mpe mwenyekiti kiti na maji ya kunywa. Hakuna aliyewaita matapeli.

Kijana wa saiba aliona neno "abuse" akalitafsiri kwa hasira. Kwenye ripoti za aina hii neno hilo ni jina la fungu tu. Maana yake ni kwamba mpokeaji amesema barua ni taka. Utapeli una neno lake, "fraud", na virusi vina lao. Irudie ile barua taratibu, utafute mstari unaoanza na "Feedback-Type", usome kilichoandikwa mbele yake. Kama ni "abuse", shtaka lote ni hili: sikuitaka barua hii.

Mwanachama wenu mmoja mwenye anwani ya Yahoo alifungua kikasha chake, akaiona taarifa, akabonyeza kitufe cha taka, kile ambacho vijana hukiita spamu. Yahoo wakaiondoa mbele ya macho yake. Kwa watumaji wengi habari huishia hapo. Lakini kikoa chenu, yaani lile jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani ya ofisi, kimesajiliwa kwao kupokea malalamiko. Nadhani ni yule fundi aliyewawekea mfumo: aliwasajili, akaandika anwani yako, akasahau kukuambia. Mshukuru. Watu wa kazi hii huuita mpango huo fidibeki lupu. Mimi huuita rejesho, kwa sababu ndiyo ile ile kazi ya muhuri.

Ripoti ina vipande vitatu, na si Yahoo peke yao wanaoiandika hivyo. Tangu 2010 kuna muundo mmoja uliochapishwa, unaitwa ARF, ili kompyuta ya Kibuye iweze kusoma malalamiko ya kampuni yoyote bila kufundishwa upya. Kipande cha kwanza ni maneno machache ya binadamu, kwamba hili ni lalamiko kuhusu barua fulani. Cha pili ni cha mashine: aina ya lalamiko, programu iliyoliandika, mara nyingine siku barua ilipofika na namba ya seva, yaani kompyuta, iliyoituma. Cha tatu ni barua yenu yenyewe, au angalau vichwa vyake, ile mistari ya juu inayoonyesha ilikopitia. Hicho cha tatu ndicho chenye nyama.

Yahoo huwatambua kwa sahihi ya kidijitali iliyobandikwa kwenye kila barua inayotoka kwenu, wanaiita DKIM. Barua isiyo na sahihi hiyo hairejeshwi. Microsoft, wenye Outlook na Hotmail, wana mpango wao unaoitwa JMRP, na wao huangalia namba ya IP, yaani anwani ya mtandaoni ya seva inayotuma. Kwa hiyo kama mna wanachama wa Hotmail, na lazima mnao, wale waliofungua anwani enzi za kulipia saiba kwa dakika, mwambie fundi awasajili na huko. AOL ya Marekani, mmoja wa waanzilishi wa mtindo huu, kwa miaka ilikuwa nyumba moja na Yahoo, kwa hiyo hiyo isikusumbue.

Sasa hilo la mwenyekiti. Ni nani?

Wakati mwingine anwani ya mlalamikaji imo kwenye nakala iliyorudishwa. Wakati mwingine kampuni imeifuta, imeweka herufi zisizosomeka mahali pake, kumlinda. Ndiyo sababu watumaji wajanja huweka kwenye kila nakala namba ya siri, tofauti kwa kila mpokeaji, ama kwenye vichwa ama ndani ya kiungo cha kujiondoa. Kampuni ya barua pepe haijui namba hiyo ni ya nani. Wewe ukirudishiwa unaitazama kwenye orodha yako, unajua. Na tafadhali msitumie namba ya uanachama. Tungeni namba isiyomwambia kitu mtu wa nje.

Namba hiyo ina kazi moja, kumtoa mwenyewe kwenye orodha. Kumwita ofisini si kazi yake. Nasema hivi kwa sababu kosa hilo nimelifanya.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili Nakuru. Kwenye maonyesho ya kilimo tulikuwa na kibanda, na mezani daftari la wageni. Kila aliyeandika anwani alipewa kofia. Tulirudi ofisini na kurasa nzima za anwani, nyingi za watu waliokuwa wanataka kofia tu, jua lile mlijue. Tukaanza kuwatumia bei za mbegu kila Ijumaa. Marejesho yakaanza kuingia, moja, mawili, kisha kumi na tisa ndani ya juma moja. Bosi akaniambia nichague mmoja nimpigie simu, tujue shida iko wapi. Namba ya siri ikanifikisha kwa mkulima wa viazi wa Molo, mteja wetu wa miaka. Nikampigia. Alikuwa matangani. Nyimbo nilizisikia kabisa, na badala ya kuomba radhi nikate simu, nikaendelea: "Mzee, tumeona umesema barua zetu ni taka."

Akanyamaza. Kisha akauliza polepole, "Mmeonaje?"

Swali lile silisahau. Yule mzee alijua kwamba amebonyeza kitufe kwenye simu yake mwenyewe, mfukoni mwake mwenyewe, na sasa kuna mwanamke wa Nakuru anamtajia. Siku nyingine, alipotulia, alinieleza. Alikuwa ametafuta mahali pa kujiondoa. Tulikuwa tumepaweka mwisho kabisa wa barua, kwa herufi za kijivu, na ukibonyeza unaambiwa uingize nywila. Nywila gani? Hakuwahi kupewa yoyote. Kitufe cha taka kilikuwa juu, kikubwa, na hakiulizi kitu. Mbegu aliendelea kununua, lakini kwenye duka la pili kutoka letu.

Basi, Katibu, huyo mtu mtoe kwenye orodha leo. Usimwandikie kumwarifu kwamba umemtoa, maana hiyo nayo ni barua. Kisha gawanya orodha yenu mara mbili: mikopo mipya na mafunzo kando, notisi za mkutano mkuu na hesabu za akaunti kando. Aliyebonyeza taka anatoka kwenye ile ya kwanza. Notisi ya mkutano ni haki yake, mpelekee kwa SMS au kwa karatasi. Siku akija kaunta kwa shughuli zake, muulize kama unavyowauliza wengine wote: ungependa tukufikie kwa njia gani? Yahoo usimtaje.

Na umwambie mwenyekiti kuwa lalamiko moja si msiba. Watu hubonyeza kwa kidole kinene matatu ikiruka tuta. Wengine huchagua barua hamsini kwa mpigo, wakazifagia zote. Kitu cha kutazama ni mwendo. Kama kila ukituma habari za mikopo yanarudi malalamiko, na ukituma za mafunzo hayarudi, ripoti hizo zimekuambia jambo ambalo hakuna mwanachama angesimama mkutanoni kulisema mbele ya mwenyekiti huyo.

*

*Dada Posta, nina kitalu cha miche Kakamega, parachichi na mikaratusi. Natuma barua kwa wateja 1,200, na tisa kati ya kila kumi wako Gmail. Fundi alinisajilia rejesho la Yahoo na la Microsoft, na mwaka mzima nimepata malalamiko manne tu. Nilikuwa nimefurahi. Lakini wateja wanaofika kitaluni wanasema barua zangu hawazioni. Mbona Gmail hawaniletei malalamiko? Au ndio wananipenda?*
*Mwenye kitalu, Kakamega*

Kimya kingi kina mshindo mkuu, ndugu yangu. Gmail hawarudishi barua mojamoja. Aliyekubonyezea taka hutamjua, hata uweke namba ya siri kumi. Wao wanahesabu tu, kisha wanakuonyesha hesabu ukienda kuitafuta.

Mahali pa kuitafuta panaitwa Postmaster Tools, ni ukurasa wa Google wa bure. Unathibitisha kwamba kikoa ni chako, kisha unaona, siku kwa siku, ni asilimia ngapi ya barua zako zilizofika kikashani zimeitwa taka. Kampuni zinazotuma kwa niaba ya watu wengi huongeza kichwa kinachoitwa "Feedback-ID", kinachowasaidia kujua ni kundi lipi la barua linalolalamikiwa. Hata hao hupewa hesabu. Majina hawapewi.

Google wanataka asilimia hiyo ibaki chini ya 0.1 na isifike kamwe 0.3. Tuihesabu kwa miche. Katika barua 1,000 zilizofika, lalamiko moja linakufikisha kwenye mstari wa kwanza, matatu yanakufikisha kwenye wa pili. Wewe una wateja wa Gmail kama 1,080. Watatu wakibonyeza siku moja uko ukingoni, wanne umeshavuka. Watu wanne! Hao wanaenea kwenye bodaboda mbili.

Halafu kuna mtego hapa ambao ulinifanya nimpongeze bosi bure. Asilimia hiyo inapimwa kwa barua zilizofika kikashani. Barua ikitupwa moja kwa moja kwenye folda ya taka, mpokeaji haioni, na asichokiona hakishtaki. Kwa hiyo mtumaji ambaye hali yake ni mbaya kabisa anaweza kufungua ukurasa akakuta hesabu safi kama sahani iliyooshwa. Sisi tuliona sifuri tukanunua soda, kumbe hakuna aliyekuwa anatusoma. Na kwa mtumaji mdogo kama wewe, siku ambazo barua ni chache ukurasa hauonyeshi chochote. Patupu si sifuri.

Njia yangu ya kupima ni ya kijijini. Mteja akija kitaluni, mwombe atoe simu mbele yako na atafute jina lako kwenye folda ya taka. Akiikuta barua humo na akaitaka, abonyeze kile kitufe cha kusema si taka. Hicho nacho ni kura, na Google wanaihesabu. Wateja watano wa namna hiyo watakufundisha kuliko ukurasa mtupu.

Kisha rekebisha mlango wa kutokea. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawadai watumaji wakubwa mambo ambayo zamani yalikuwa ushauri tu. Kwa Google mkubwa ni anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenye anwani za Gmail. Huyo lazima awe na sahihi ya DKIM, awe ametangaza seva zake kupitia SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake), awe na sera ya DMARC (agizo la nini kifanyike kwa barua zinazofeli ukaguzi huo), na matangazo yake yawe na njia ya kujiondoa kwa mbonyezo mmoja. Akiombwa kumtoa mtu, ana siku mbili. Wewe hujafika huko, lakini huo mbonyezo mmoja uweke hata kama una wateja mia. Si kile kiungo cha chini ya barua. Ni mistari miwili inayokaa kwenye vichwa, msomaji haioni, ila Gmail huisoma na kumwekea neno la kujiondoa pale juu karibu na jina lako. Hakuna nywila wala fomu ya kuuliza "mbona unatuacha". Utaratibu wake ulichapishwa mwaka 2017. Mtu mwenye mlango wazi hana sababu ya kuvunja dirisha, na yule mzee wangu wa Molo angekuwa bado mteja.

La mwisho kwako, na hili ni maoni yangu tu: unatuma mara nyingi mno. Umeniambia ni kila wiki. Mche wa parachichi haubadiliki bei kila wiki. Tuma mvua zinapokaribia, tuma ukipata aina mpya, basi.

*

*Shangazi, tuna nyumba ya wageni Bungoma. Kila asubuhi Google na wengine wananitumia faili la zipu. Nikilifungua naona namba na alama tupu. Je, nashtakiwa kila siku?*
*Meneja, Bungoma*

La. Hizo ni ripoti za DMARC, na hazina uhusiano na kitufe cha taka. Zinataja seva zilizotuma barua kwa jina la kikoa chako, ngapi, na kama zilifaulu ukaguzi wa SPF na DKIM. Aliyekuandalia kikoa aliweka anwani yako ya kupelekewa. Usizifute zote bila kutazama: ukiona namba ya seva usiyoijua imetuma mamia ya barua na zote zimefeli, kuna mtu anakopa jina lako kuwadanganya watu. Mpe fundi azipitishe kwenye programu ya kuzisoma. Kuzisoma kwa macho ni adhabu.

Ukiwa na fundi huyo, mwombe akufungulie anwani inayoanza na "abuse" kwenye kikoa chako, na nyingine ya "postmaster". Ni desturi iliyoandikwa tangu 1997. Kuna watu, hasa wazee wenzangu wa seva, ambao wakipata barua mbaya kutoka kwako hawabonyezi kitu. Wanakaa chini, wanaandika malalamiko kwa mkono, na hapo ndipo wanapoyapeleka.

*

*Madam, mimi ni mfanyabiashara Busia. Kuna jamaa ameniuzia orodha ya anwani 10,000 za watu wa Kenya nzima kwa bei nzuri. Nataka kabla sijatuma nisajili hilo rejesho ili lizuie malalamiko. Naanzia wapi?*
*Mchuuzi, Busia*

Anzia kwa kuifuta orodha.

Rejesho halizuii lalamiko. Linakuletea habari likishatokea, na kwa Gmail hata hiyo habari huipati kwa jina. Ukituma barua 10,000 kwa watu wasiokujua, hutakuwa na muda wa kusoma marejesho. Kikoa chako kitakuwa kimeshaharibika jina kabla ya chakula cha mchana, na hata ankara za kweli unazowatumia wateja wako zitaangukia kwenye taka. Ndani ya orodha kama hizo huwa kuna anwani zilizokufa zamani, na kuna nyingine zilizotegwa makusudi kuwanasa watumaji wa aina hii. Hazina mtu nyuma yake. Ukiigusa mojawapo, umejitangaza.

Kisha kuna sheria. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Kamishna wa Data ana ofisi inayopokea malalamiko ya raia. Kutumia taarifa za mtu kibiashara kunahitaji idhini yake, na hao 10,000 hawajakupa wewe idhini, wala huyo jamaa. Pesa zako zimekwenda. Pole.

*

*Shangazi, mimi ni mwalimu mstaafu, Njoro. Shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, ni mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mpwa wetu. Sote tuko Gmail. Kila usiku anatutumia barua: bajeti, nani ametoa, nani bado, yote kwa herufi kubwa. Wiki jana nilichoka nikabonyeza taka. Sasa nasikia kwamba malalamiko humrudia mtumaji. Jumapili tuna kikao nyumbani kwake. Je, ameshajua? Nimekuambatishia barua mojawapo uone nilivyoteseka.*
*Mwalimu, Njoro*

Hajajua, Mwalimu, na hatajua kwa njia hiyo. Rejesho hupewa mwenye kikoa aliyejisajili, na shemeji hana kikoa. Anatumia Gmail kama wewe. Ulipobonyeza, nakala ya ile barua ilikwenda kwa Google, ambao huweza kuichunguza ili kuboresha vichujio vyao. Kwake haikwenda hata herufi moja. Ukikutana naye, uso mkavu, amkia, kunywa chai.

Ila kuna jambo la kukutia hofu zaidi. Baada ya mbonyezo wako, huenda barua zake mpya zinaingia moja kwa moja kwenye folda ya taka bila wewe kuziona, na huko Gmail hufuta kila kitu baada ya siku 30. Una uhakika gani kwamba kikao bado ni Jumapili? Fungua folda hiyo leo, soma za juu mbili tatu, kisha moja yake iambie Gmail kwamba si taka.

Halafu mtengenezee shemeji chujio. Kwenye kompyuta (kwa simu ni vigumu, mwombe mjukuu) unaagiza kwamba barua zote kutoka anwani yake ziruke kikasha ziende kwenye lebo yake zenyewe, uipe hata jina la Harusi. Hazikupigii kelele usiku, na hazipotei. Unazisoma zote Jumamosi jioni kwa mkao mmoja. Kitufe cha taka kiweke kwa watu usiowajua. Kamati yenu ina watu kumi na wanne, nimewahesabu kwenye barua uliyoniambatishia. Mkibonyeza watano au sita, barua za shemeji zinaweza kuanza kupotelea kwenye taka hata kwa wale wanaotaka kuzisoma, na yeye atabaki akishangaa kwa nini hajibiwi, na atazidisha herufi kubwa.

Na kwa kuwa umenituma kusoma, nimesoma mpaka ukurasa wa pili. Jina lako liko mstari wa tisa, na mbele yake pameandikwa AMEAHIDI.